Kupima Presha ya Mama kwa Simu

Nilipopata kazi ya kuwaogesha wazee hapa Sydney, ukoo wetu mzima kule Taita uliamka asubuhi ukanipa udaktari. Hakuna aliyeniuliza nilisomea nini. Nilikuwa na cheti cha miezi michache cha kutunza wazee, nacho kilinifundisha kumgeuza mtu kitandani bila kujivunja mgongo, kumpima presha na joto, na kuandika kila kitu kabla sijavua aproni. Cheti hicho kilipovuka bahari kikanenepa njiani. Kilipofika Wundanyi kilikuwa kimeshakuwa shahada.

Basi nikaanza kuhudumu. Binamu alinitumia picha ya ulimi wake akataka nimwambie ana nini. Mjomba mmoja aliweka simu kifuani, akavuta pumzi kwa nguvu, kisha akauliza, "Umesikia?" Nilikuwa kwenye foleni ya duka pale Guildford, barakoa usoni, watu wamesimama mbali mbali kama waliogombana, na kifua cha mjomba kinakoroma mkononi mwangu. Nikamwambia aende hospitali. Akaudhika. Njia ya hospitali anaijua, alisema, alichotaka yeye ni maneno ya Australia.

Watu wa kwetu wanaamini kwamba ugonjwa ukitazamwa na mtu aliye ng'ambo, unaona haya na kuondoka. Nimewaeleza mara nyingi kwamba huku ng'ambo nako watu wanakufa, tena wakiwa na bima. Hawanisikii.

Mgonjwa wa kweli katika ukoo huo alikuwa mama yangu, na ndiye peke yake ambaye hakuniuliza neno. Alikuwa na presha tangu kabla sijaondoka nyumbani. Alikuwa akienda kliniki kila mwezi na kikapu chake, anapimwa, anapewa vidonge, anarudi kupitia sokoni. Corona ilipoingia akaacha. Kijijini ilivuma kwamba ukiingia hospitali na presha unatoka na corona, na ukiingia na corona hutoki. Vidonge akawa anamtuma mtu amnunulie kwenye duka la dawa, vilevile vya zamani, bila kupimwa. Mimi presha naijua, haibishi hodi. Kazini nalisha watu ambao ilivunja mlango wao usiku mmoja tu, na sasa kijiko hawakiwezi. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa kupigiwa simu niambiwe mama ameanguka, nami ndege hakuna, mipaka imefungwa, na hata Bankstown kwa kaka yangu siruhusiwi kufika.

Maana wakati ule sisi wa magharibi mwa jiji tulikuwa tumefungiwa kweli. Mwisho wako ni kilomita tano kutoka mlangoni, helikopta ya polisi inazunguka juu kuhakikisha. Kaka yangu na mimi tulikuwa jiji moja, tukionana kwenye kioo cha simu kama tunavyoonana na Wundanyi.

Huyu kaka yangu mkubwa anaendesha forklift kwenye ghala moja la Wetherill Park. Ni kazi nzuri na ya halali, lakini haimtoshi. Nyumbani alisomea mifugo, na mgonjwa wa mwisho kupita mikononi mwake alikuwa ng'ombe wa mwalimu mkuu, ambaye sasa ni marehemu. Namaanisha ng'ombe. Lakini yeye ndiye kifunguamimba, na kwetu kifunguamimba wa kiume akisema jambo kuhusu mama, limesemwa. Mama hawezi kulazwa wala kung'olewa jino mpaka yeye aridhie. Ukimwona anavyoridhia utadhani anatia saini mkataba wa amani.

Niliponunua mashine ya kupimia presha na kuituma kwa watu wa mizigo, ikachukua muda mrefu kufika kama vile ilikuwa inatembea kwa miguu, kaka ndiye aliyetangaza kwenye kundi la familia. "Tumemtumia mama vifaa vya kisasa." Vifaa vyenyewe vilikuwa mashine moja na betri zake. Wajomba wakajibu kwa mikono ya kuomba na bendera za Australia.

Kaka akaweka utaratibu. Kila siku saa mbili asubuhi kwao, ambayo ni saa tisa alasiri kwetu, mama angeegemeza simu kwenye kopo la sukari, avae kile kitambaa mkononi, abonyeze, nasi tuone. "Mkono na namba, basi," kaka akaagiza. "Uso unakula bando. Uso tutauona Jumapili baada ya ibada." Mimi wakati huo huwa najiandaa kwa zamu ya jioni, yeye anamaliza ya mchana. Tukakubaliana.

Siku ya kwanza mashine ilisoma mia moja na themanini na kitu. Mimi nilitaka jambo moja tu, arudi kliniki. Kaka aliitisha mkutano wa dharura. Kwa kuwa kila mtu alikuwa amefungiwa ndani, mahudhurio yalikuwa mazuri kuliko ya harusi yoyote. Palikuwa na mwenyekiti, yaani yeye, palikuwa na maombi ya kufungua, maombi ya katikati na maombi ya kufunga. Mama akakatazwa chumvi, akakatazwa chai ya majani, akakatazwa shamba. Akaagizwa maji ya kiazi chekundu na vitunguu saumu kabla hajala. Ikatangazwa mfungo, na watu wa Sydney wasiomjua mama wakalala njaa kwa ajili ya mkono wake. Kisha ukoo wote ukaanza kumpigia simu, mmoja baada ya mwingine, wakilia. Shangazi mmoja alimuuliza angependa azikwe na gauni lipi. Kuhusu kliniki waliniambia nisiwe na haraka.

Baada ya juma hilo, presha ya mama ikashuka ghafla. Mia moja na ishirini kwa themanini. Kesho yake vivyo hivyo, na kesho yake tena.

"One-twenty over eighty!" kaka alipiga kelele akiwa kwenye maegesho ya kazini, bado na kizibao chake cha kung'aa. "Hii ni presha ya msichana wa shule. Sis, unaona? Unaona vile system inafanya kazi?"

Niliona, nikafurahi, tena sana. Nilienda kazini siku hiyo naimba ndani ya barakoa. Lakini furaha ya kaka haikuwa ya kukaa nyumbani. Alitoa ushuhuda kwenye ibada ya mtandaoni, akiwa na shati jeupe juu na kaptura chini, kaptura tuliyoiona alipoinuka kumsifu Bwana. Akaanza kushauri watu. Mkongo mmoja wanayefanya kazi pamoja alimwendea wakati wa mapumziko. "Mon frère, unipe jina ya ile machine. Na mimi nitumie maman yangu ya Uvira." Kaka akampa jina la mashine, kipimo cha vitunguu saumu na mstari wa Zaburi. Akina mama wa Guildford, wengine wauguzi waliosomea kazi hiyo, wakawa wananiambia, "Kaka yako ana kipawa." Debe tupu lilikuwa limepata mtu wa kulipiga.

Kisha akavuka mpaka. Siku moja, mkono wa mama ukiwa bado mezani, akasema, "Mama, presha imenyooka, sasa dawa za nini? Mwili umejirekebisha. Punguza nusu."

"Kaka," nikasema, "huenda dawa ndiyo iliyoinyoosha. Mwenye kupunguza ni daktari aliyemwandikia."

"Wewe unaosha wazee. Please, don't act like you're a doctor."

Udaktari wangu uliisha kama ulivyoanza, bila mtu kuniuliza. Nilimpigia mama baadaye nikamsihi aendelee na dozi yake. Akasema, "Ndiyo, mwanangu," kisha akamtii kifunguamimba. Tena alimtii kwa furaha, kwa sababu kidonge kimoja kilikuwa kinamtoa kwaya katikati ya wimbo kwenda msalani.

Tukaishi hivyo miezi. Presha yake ikabaki nzuri, na mimi kwa kweli nikaanza kujiuliza kama vitunguu saumu vina kitu ambacho chuo changu hakikukijua.

Siku mambo yalipofichuka, kaka alikuwa amezuiwa kazini, nikawa peke yangu kwenye simu. Mkono ulikuwa mezani, kitambaa kimeanza kuvimba. Mama akasema, "Leo nimeamka vizuri." Nikamwambia, "Usiongee, mama, mashine inapima." Ghafla akapiga ukelele, "Mbuzi! Mbuzi kwenye sukumawiki!" Nikasikia kiti kikisukumwa, ndara zikikimbia, mlango ukigonga ukuta. Sauti ya mama ikatoka nje ikaenda mpaka bustanini, ikimtukana mbuzi na mwenye mbuzi na aliyemuuzia.

Mkono ulibaki mezani.

Ulitulia tuli, kitambaa kikavimba, kikanywea, mashine ikalia. Mia moja na ishirini kwa themanini. Niliutazama mkono ule, na sauti ya mama bado iko kwenye sukumawiki.

"Mama?" nikaita.

Vidole vikatikisika kidogo. Kisha mkono wa pili ukaja, ukainua simu, na uso wa mama jirani ukajaa kiooni, yule anayeimba kwaya na mama, mwanamke anayelima tangu alfajiri na hajawahi kuumwa kitu kwa ninavyokumbuka. Alitabasamu kwa adabu zote.

"Hujambo, mwanangu? Habari za huko kwenu?"

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kuna baridi?"

Nikamjibu kwamba kuna baridi. Sikujua kingine cha kusema kwa mtu ambaye kaka yangu ametoa ushuhuda wa presha yake kanisani. Mama aliporudi, anahema, fimbo bado mkononi, alitutazama, akaona mambo yameharibika, akakaa.

"Mama, tangu lini?"

"Tangu ile kelele yenu," akasema bila haya hata chembe. "Mkono wangu uliwaletea kilio. Wa mwenzangu ukawaletea raha, nami nikapata kulala. Mtu aliye mbali hapewi habari mbaya, atafanya nini nayo? Tena fimbo ya mbali haiui nyoka."

"Na vidonge?"

"Nusu. Kaka yako alisema."

Nikahesabu kichwani miezi ambayo mama yangu alikuwa akimeza nusu dozi kwa sababu mwanamke mwingine ana afya.  Nikamwambia avae kitambaa yeye mwenyewe, pale pale. Akavaa. Kitambaa kilivimba, kikanywea, kikavimba tena, na namba zilipokuja mama jirani alishika mdomo. Zilikuwa mbaya kuliko za siku ya kwanza.

Tulipatana hivi: ataenda hospitali sasa hivi, mama jirani ampeleke, nami nisimwambie kaka habari za mkono. "Atafunga tena watu wasiohusika," mama alisema. Nikakubali. Ningekubali lolote.

Hospitali walikuwa na mashine yao na daktari kijana mwenye macho yaliyokosa usingizi. Akampima, akarudia mkono wa pili, akasema mama alazwe leo hii, kwa presha ile anaweza kupooza wakati wowote. Mama akauliza kama anaweza kumpigia mwanawe wa kwanza. Kila nikikumbuka napandwa na hasira upya. Mtu ana hatari ya kupooza, naye anaomba ruhusa Wetherill Park.

Kaka akapokea akiwa ghalani, akaniunganisha na mimi. Nilikuwa nimeshafika kazini, nimejibanza kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Mama jirani ndiye aliyeshika simu upande wa pili.

"Hapana, hapana," kaka akamwambia daktari. "Mama halazwi. Huko wodini kuna corona. Sisi tunam-monitor kila siku kutoka Australia. Jana ilikuwa one-twenty over eighty. Mashine yenu iko na calibration?"

"Mzee, nimepima mara mbili."

"Pima tena."

"Kaka," nikasema, "mwache daktari afanye kazi."

"Sis, wewe nyamaza. Tuna data ya miezi."

Na daktari, niliona, alikuwa anaanza kuchoka. Nyuma yake benchi lilikuwa limejaa watu wanaokohoa. Ameshaona familia nyingi zenye mtu ng'ambo, nadhani, na alijua kwamba mtu huyo hashindiki. Akatafuta kalamu. "Basi kama familia imekataa," akasema, "aandike kwamba amekataa, aende nyumbani."

Mama alianza kushuka kitandani. Alikuwa amekwisha kupapasa ndara kwa mguu mmoja. Ahadi yangu kwake ikaniponyoka, nikafungua mdomo kusema yote, lakini mama jirani alinitangulia. Alimkabidhi daktari simu, akapandisha mkono wa gauni lake hadi begani, akauweka mkono wenyewe mbele ya kioo.

"Baba," akamwambia kaka yangu, "unausoma mkono huu?"

"Mama, tafadhali, hii ni mambo ya familia."

"Utazame vizuri. Huu ndio uliokuwa ukiupima. Ulioutolea ushuhuda ni huu. Wa mama yako ni ule pale, na unataka kufa. Sasa utaridhia, au tungoje uitishe mkutano?"

Nilitamani kumbusu.  Nyuma ya kaka forklift ya mtu mwingine ilikuwa inalia ile kengele yake ya kurudi nyuma, ikalia muda mrefu. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Alazwe." Mama akarudisha mguu kitandani.

Jioni hiyo kundi la familia lilipokea tangazo lake: "Baada ya mashauriano, tumeamua mama alazwe." Mikono ya kuomba, bendera. Kuhusu mkono wa jirani hakuandika neno mpaka leo, na sijasikia kama yule maman wa Uvira aliambiwa aache kiazi chekundu.

Mama alilazwa, akawekewa dawa, presha ikateremka taratibu kama inavyotakiwa. Aliporudi nyumbani akarudishiwa dozi kamili na moja ya kuongezea, na mama jirani akapewa kazi ya kumwangalia akimeza. Nikampigia siku ambayo sikuwa na zamu. Safari hii nilitaka uso, bando liishe lisiishe. Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, nikamwambia angetuua kwa majuto, nikamwambia mtu mzima haazimi mkono. Nilisema kwa muda, na sauti yangu, naungama, ilifanana na ya kaka.

Alinisikiliza mpaka nikaisha.

"Siku ya kwanza ya kuuazima nilikuwa nafanya mzaha," akasema. "Mwenzangu alikuja kunisalimu, nikamwambia hebu kaa hapa, wanangu wapime wako, tuwaone watasemaje. Nilijua utacheka. Nilijua utasema, mama, huo si mkono wako."  "Mkaimba haleluya. Nikasema labda kesho. Kesho nikangoja. Huyu ana vidole vifupi, mwanangu. Ni mweusi kuliko mimi. Niliwaogesha nyote kwa huu wangu, nikawalisha, nikawachapa. Nikangoja miezi yote hiyo mmoja wenu aseme, huyo ni nani."

Nikamwambia simu ni ndogo. Nikamwambia kule jikoni mwanga ni mbaya, na kwamba sisi tulikuwa tunatazama namba. Hakubisha. Aliniacha niseme hata kuhusu bando.

"Sawa," akasema. "Hebu weka na wako hapo, niuone."

Nikauinua mbele ya simu bila kufikiri. Tangu corona ianze nilikuwa naunawa na kuupaka sanitaiza kila nikiingia na kutoka chumba cha mzee, na kuuficha ndani ya glavu zamu nzima, na kila siku nilikuwa nikimwambia huku sijambo kabisa. Ngozi ilikuwa imepasuka kwenye vifundo, imekuwa ya kijivu, na penye nyufa palikuwa na damu iliyokauka. Mama alivaa miwani. Akaisogeza simu karibu mpaka nikawa naona jicho lake moja tu, akautazama mkono wangu muda mrefu.

"Na huo," akauliza, "umeazima kwa nani?"